Nimekuta sarafu ya 1780 kwenye kopo la babu, naombeni tuichunguze kabla familia haijaiuza

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Naombeni mnivumilie maana maelezo ni marefu kidogo lakini nataka niyaweke yote ili mtu akinisaidia anisaidie kwa uhakika.

Babu alifariki, na katika kupanga vitu vyake tukakuta kopo la bati limejaa vifungo, misumari, funguo za zamani na sarafu kama kumi na tatu hivi. Nyingi ni za kawaida zimechakaa hazisomeki, ila moja ni kubwa, nzito, rangi ya fedha iliyofifia na madoa meusi kwenye mikunjo. Upande mmoja kuna mama mnene wa heshima kafunika kichwa ushungi, begani kuna kama pini ya lulu, chini yake herufi S.F. Upande wa pili kuna ndege mwenye vichwa viwili na ngao kifuani. Maandishi hayasomeki kwa lugha yoyote ninayoijua ila mwaka unaonekana wazi kabisa, 1780, na baada ya mwaka kuna alama kama X.

Sasa hapo nyumbani pamewaka moto. Kaka yangu keshamtumia picha mtu kwenye grupu la WhatsApp na huyo mtu anasema sarafu ya zaidi ya miaka mia mbili ni utajiri, ana mnunuzi wa nje, ila tutangulize kwanza hela ya "usajili wa sarafu". Mama mdogo yeye anataka tuisugue kwa dawa ya meno ing'ae ndo tupige picha nzuri. Mimi nimelificha kopo zima chumbani kwangu na nimewaambia hakuna anayegusa mpaka nijue ni nini hii. Babu alikuwa mtu wa maana sana kwangu na sitaki kitu chake kiondoke kwa ujinga, hata kama thamani yake ni ndogo.

Naombeni mwenye ujuzi.

#2

Mkuu umefanya jambo la maana sana kulificha hilo kopo. Mawili ya haraka kabla wataalamu hawajafika: HELA MSITUME hata senti. Sarafu haisajiliwi popote ili iuzwe, mnunuzi wa kweli yeye ndo anatoa hela, wewe unatoa sarafu, basi. Huo mchezo umeliza watu wengi, wakishatuma usajili wanaambiwa kuna bima, wakituma bima kuna usafiri, mpaka mtu anachoka mwenyewe. La pili, mwambie mama mdogo kwa heshima zote dawa ya meno aiweke mbali. Ina chengachenga zinazokwaruza, na kilichokwaruzwa hakirudi.

#3

Nimeona uzi huu nikaacha kazi niliyokuwa nafanya, maana hiyo sarafu naijua na naipenda.

Mkuu hapo una thaler ya Maria Theresa. Huyo mama ndo mwenyewe, mtawala wa Austria, na hayo maandishi ni Kilatini kilichofupishwa, majina na vyeo vyake. Waswahili wa zamani waliiita reale ya Sham, kwahiyo yawezekana kabisa babu yako au baba yake babu aliishika akiwa na jina lake mdomoni. Ilizunguka Ethiopia, Yemen, Bara Arabu na kwenye biashara za Bahari ya Hindi kwa muda mrefu sana, watu walinunulia kahawa, walilipia mahari, walifua mapambo ya fedha.

Sasa nikuambie lenye kuumiza kidogo. Huo mwaka 1780 haukuambii sarafu ilitengenezwa lini. Maria Theresa alifariki Novemba 1780, lakini wafanyabiashara wa huku walishaizoea sura yake na walikuwa wanakataa sarafu yenye sura au mwaka tofauti, hata kama fedha yake ni ileile. Kwahiyo kiwanda kikaamua kuendelea kupiga (yaani kutengeneza kwa kugandamiza muhuri) ileile yenye mwaka uleule, mwaka baada ya mwaka, karne baada ya karne. Hizo herufi S.F. ni za majina ya maofisa wawili wa kiwanda cha Günzburg, nao zikabaki hapohapo miaka yote japo wenyewe walishakufa zamani. Na sio Vienna kule Austria tu, Italia ilianza kuipiga Rome mwaka 1935 wakati inajiandaa kuingia Ethiopia, Waingereza nao wakaipiga London, ikapigwa Paris, Brussels, na wakati wa Vita ya Pili ikapigwa hata Bombay. Vienna wanaipiga mpaka leo hii, mpya kabisa, na imeandikwa 1780.

Yaani hii ni sarafu ambayo kama ungechukua mwaka ukaupigia hesabu ungedanganyika wewe na ukamdanganya na mnunuzi bila kukusudia. Na sio hii peke yake. Kuna dola ya Marekani yenye mwaka 1804 ambayo ni kati ya sarafu zinazotafutwa zaidi duniani, zinajulikana chache tu, na za kwanza katika hizo zilipigwa miaka ya 1830 kwa ajili ya zawadi za kidiplomasia. Mwaka ni maandishi tu, mtu aliyechonga muhuri aliamua kuandika hivyo.

Halafu uzee wenyewe. Kuna visarafu vya shaba vya Warumi vya enzi za Constantine, karne ya nne huko, miaka 1700 imepita, na bado vinapatikana kwa mafungu kwa sababu vilipigwa kwa wingi wa ajabu na watu walivifukia ardhini kwenye vyungu. Wakati huohuo Uingereza walikosea mwaka 2008 wakachanganya mihuri miwili kwenye peni 20, upande wa zamani na upande mpya, sarafu ikatoka haina mwaka popote, na hiyo ya juzijuzi watu wanaitafuta. Kinachoangaliwa ni zimebaki ngapi, ziko kwenye hali gani na wangapi wanazitaka.

Kwahiyo swali lako lisiwe "ina miaka mingapi". Uliza kwanza, ni halisi au ya kughushi? Ukishajua ni halisi ndo tutaenda kwenye ilipigwa wapi.

#4 (mleta uzi)

Aisee. Nimeisoma mara tatu. Nimeumia kidogo sikatai, lakini hiyo ya reale ya Sham imenigusa kwa sababu bibi alikuwa na msemo wa "huna hata reale" na mimi nilidhani ni neno la kutania tu.

Sasa mkuu nitajuaje kama ni halisi? Nina mzani mdogo wa dijitali unaosoma mpaka 0.01 gramu, rula, sumaku ya spika iliyokufa, na simu yenye kamera nzuri. Zaidi ya hapo sina kitu.

#5 (yule wa #3)

Hivyo vinatosha kabisa, wengine wanaanza na macho tu.

Anza na sumaku. Fedha, dhahabu na shaba hazivutwi. Ikinasa maana yake ndani kuna chuma na habari imeishia hapo. Isiponasa usishangilie bado, maana madini ya risasi nayo hayanasi na mchanganyiko wa shaba na nikeli unaofanana sana na fedha kwa rangi haunasi pia. Sumaku inakuambia hapana, haina uwezo wa kukuambia ndiyo.

Pima uzito. Thaler kamili ni gramu 28.07 hivi, upana karibu milimita 40. Iliyotembea mikononi itapungua kidogo, ukipata 27.8 au 27.9 ni sawa tu, ukipata 25 au 24 hapo kuna tatizo kubwa.

Halafu kipimo ninachokipenda kuliko vyote, cha maji. Weka kikombe cha plastiki chenye maji juu ya mzani, bonyeza usome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba (uzi wa kushonea safi, usikwaruze), ishushe mpaka izame yote bila kugusa chini wala ukuta wa kikombe, wewe umeshikilia uzi kwa juu. Mzani utasoma namba ndogo, hiyo ndo uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Hakikisha hakuna mapovu yamenata. Sasa chukua uzito wa sarafu ikiwa kavu, gawa kwa hiyo namba.

Fedha tupu inakupa kama 10.5, shaba karibu 9, risasi 11.3, dhahabu safi 19.3. Thaler sio fedha tupu, ina fedha sehemu 833 kwa 1000 na iliyobaki shaba, kwahiyo unatakiwa upate kama 10.2. Anayeghushi anaweza kupatia uzito, anaweza kupatia na upana, lakini kupatia vyote viwili na unene pamoja kwa madini ya bei rahisi ni kazi ngumu sana, na maji yanamuumbua. Dhahabu tu ndo ina tatizo maana tungsteni uzito wake unakaribiana nayo mno, huko kwenye dhahabu inabidi vifaa vikubwa zaidi.

Mwisho angalia ubavu, yaani upande wa tatu ambao watu huwa hawaupigi picha. Thaler ina maandishi yaliyoinuka kwenye ubavu, IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma, na mapambo katikati. Sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na mstari wa kiungo unaozunguka ubavu, au alama za tupa pale mtu alipojaribu kuufuta huo mstari. Na uso wake unakuwa na vitundu vidogovidogo kama ngozi ya chungwa, herufi zimelegea kingo zake kama sabuni iliyotumika. Iliyopigwa muhuri herufi zinasimama wima.

Usiiangalie chini ya taa ya juu moja kwa moja. Weka taa pembeni, chini, mwanga uje kwa kulala, utaona kila kitu.

#6

Samahani kudandia uzi, mimi nina sarafu yenye kichwa pande zote mbili. Yaani mgongo hauna kabisa, ni kichwa na kichwa. Naambiwa ni kosa la kiwandani na haipo nyingine. Imekaa kwenye pochi miaka.

#7 (yule wa #3)

Dada pole kwa nitakachosema. Karibu zote za namna hiyo zimetengenezwa na mafundi wa mazingaombwe. Wanachukua sarafu mbili, moja wanaichimba ndani ibaki kama sahani, nyingine wanaichonga mpaka iwe ndogo iingie humo kama kifuniko. Angalia ndani kabisa ya kingo iliyoinuka, upande mmoja utakuta mstari mwembamba unaozunguka duara zima. Pima na uzito, mara nyingi unapishana na wa kawaida. Ilaze kwenye ncha ya kidole na kuigonga taratibu karibu na sikio uilinganishe na mwenzake, ya kuungwa inalia bubu.

Kiwandani muhuri wa juu na wa chini kwa kawaida hutengenezwa kwa maumbo tofauti kwenye shina, ili visiingie sehemu ya mwenzake. Ndo maana kichwa kwa kichwa halisi ni adimu kupita maelezo. Ukiona mstari huo usijilaumu, walioinunua wakidhani ni kosa ni wengi.

#8

Nami niongezee ya kwangu maana inauma mpaka leo. Niliwahi kununua senti ya Marekani ya 1943 ya rangi ya shaba. Mwaka huo shaba ilikuwa inahitajika vitani, senti zikapigwa kwa chuma kilichopakwa zinki, ila chache zikapigwa kwa shaba kwa bahati mbaya na hizo ni hazina. Muuzaji hakunidanganya kwa mdomo, aliniachia tu niamini. Nilipofika nyumbani sumaku ikaidaka mara moja, ni ya chuma imepakwa shaba juu. Ya shaba ina gramu 3.11, ya chuma 2.70, sekunde kumi za mzani zingeniokoa. Na kuna wanaochukua ya 1948 wakakata ile 8 ibaki kama 3, hiyo sumaku haiidaki, inabidi uitazame ile 3 umbo lake ulilinganishe na picha ya 1943 halisi.

Kabla hujatoa hela, pima. Mimi nilitoa kwanza.

#9 (mleta uzi)

WAKUU MAJIBU. Nimekaa na hiyo sarafu usiku kucha.

Sumaku hainasi. Uzito nimepima mara tano, 27.94. Upana kwa rula ni kama milimita 40. Maji nimerudia mara sita kwa sababu mara mbili za kwanza kulikuwa na povu limekaa chini ya ushungi wa huyo mama, nilipolitoa namba ikatulia 2.74. Nikagawa, 10.197. Nikarudia kugawa kwenye karatasi kwa mkono maana sikuamini simu. Ubavuni nimesoma kwa kuizungusha polepole chini ya taa, nimepata IUSTITIA lote, ET, na CLEMENTIA herufi mbili zimefifia. Hakuna mstari wa kiungo.

Ni fedha. Kaka nilimuita nikampimia mbele ya macho yake, alipoona mzani umeandika 2.74 akakaa kimya, akachukua simu akamblock yule mtu wa usajili. Mama mdogo naye amekubali haisuguliwi, ila ananiuliza mbona wewe unaiacha ina weusi.

#10 (yule wa #3)

Safi sana. Hiyo ni sarafu halisi, imepigwa muhuri, fedha yake kamili, ina kama gramu 23.3 za fedha safi ndani.

Mwambie mama weusi huo sio uchafu. Fedha inakutana na salfa iliyoko hewani polepole inafanya utando, na ule utando mara nyingi ni dalili kwamba uso wa sarafu haujaguswa. Ukiutoa kwa kusugua unatoa na tabaka la fedha lenyewe, maelfu ya mikwaruzo midogo inabaki na mwenye jicho anaiona papo hapo. Sarafu adimu ikisuguliwa inaweza kupoteza sehemu kubwa ya thamani na hakuna wa kuirudisha. Mshike kwa kingo tu, msihifadhi kwenye mifuko ya plastiki laini yenye harufu, ile inatoa ute wa kijani baada ya miaka. Karatasi isiyo na asidi au vikasha vigumu vya sarafu.

Sasa ilipigwa wapi. Angalia zile lulu za pini ya begani uzihesabu, halafu angalia manyoya ya mkia wa tai, na umbo la vito vya kwenye taji. Kila kiwanda kilichonga muhuri wake na kuna tofauti ndogondogo za idadi na mpangilio, wakusanyaji wana michoro yake. Hata wafanyabiashara wa zamani walikuwa wanahesabu hizo lulu kabla ya kupokea. Kwa picha zako, uso bado mkali kiasi hicho na kingo nzuri, mimi naona ni ya karne ya ishirini. Adimu sio. Thamani yake iko karibu na fedha yake na kidogo juu. Nakuambia ukweli kwa sababu umefanya kazi yote kwa mikono yako na unastahili kuambiwa ukweli.

#11

Niongeze la bei kwa wanaosoma kimyakimya. Ukiitafuta sarafu yako eBay utaona mtu kaiweka kwa hela ya kununulia nyumba. Hiyo ni bei anayoiomba, na kuomba hakuna kodi. Chuja uone zilizokwisha kuuzwa kweli, au matokeo ya minada, na ulinganishe na yenye hali kama yako, sio ile inayong'aa kama jana. Kwa kuitambua tumia Numista, tovuti yenye orodha ya sarafu, unaweka nchi, uzito na upana inakuletea. Na kama siku moja umekuta kitu kikubwa kweli, kampuni za ukaguzi wa sarafu, PCGS na NGC, wanakagua kwa ada, wanakipa daraja kati ya 1 mpaka 70 na kukifunga kwenye kasha lenye namba. Namba hiyo uihakiki kwenye tovuti yao, maana siku hizi wanaghushi mpaka makasha.

#12 (mleta uzi)

Nashukuruni sana. Niwaulize la mwisho. Baada ya hii kazi nikarudi kwenye kopo nikaanza kuzitazama zile nyingine kumi na mbili kwa taa ya kulala kama mlivyonifundisha. Kuna kijisarafu cha shaba ambacho sisi wote tulikitupa pembeni kwa sababu kimemegwa, kama mtu kakiuma, kipande cha upinde kimeondoka. Ni mtu alikata kwa koleo?

#13 (yule wa #3)

Subiri usikirudishe kwenye kopo. Geuza uangalie upande unaotazamana na hilo pengo, ng'ambo kabisa. Kingo iliyoinuka pale ikoje?

#14 (mleta uzi)

Imefifia. Sehemu zote kingo imesimama ila pale mbele ya pengo ni kama haipo, imelala. Na herufi zilizo karibu na pengo zimevutikavutika kuelekea kwenye pengo.

#15 (yule wa #3)

Basi hicho kilizaliwa hivyo. Kiwandani vidude vya duara vinakatwa kutoka kwenye bamba refu, na bamba lisiposogea vizuri mkato mpya unaangukia juu ya tundu la mkato uliopita, kinatoka kimemegwa kwa upinde. Kikienda kwenye mashine ya kuinua kingo, inakibana kutoka pande mbili, na pale kwenye pengo hakuna cha kukibana kwahiyo ng'ambo yake nako kingo hainuki. Mtu mwenye koleo hawezi kuigiza hiyo, yeye anakata sarafu ambayo kingo yake ilishasimama duara zima.

Makosa ya kumegwa sio adimu sana, usiwaamshe watu nyumbani. Lakini kuna wanaoyakusanya, na lako ni la kweli. Pima uzito, tafuta cha aina yake kizima kina gramu ngapi, utuambie kimepungua kiasi gani.

#16 (mleta uzi)

Kizima kinatakiwa kiwe 4.00 kwa mujibu wa Numista. Hiki kina 3.61.

Nimekitengenezea kikasha chake na nimeandika kwa penseli kwenye karatasi: uzito, tarehe ya leo, na jina la babu. Reale nayo hivyohivyo. Kesho naanza na zilizobaki kumi na moja, moja baada ya moja.